Swali la Saba Kwenye Fomu ya Mama

Kila siku akitoka shule, Fortunée aliwakuta watu wawili watatu wamekaa mbele ya nyumba yao huko Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kila mmoja na karatasi mkononi. Walikuwa majirani kutoka Kivu na Burundi. Baadhi yao walisoma kwa Kifaransa, wengine hawakusoma kabisa, na karatasi za Malawi huandikwa kwa Kiingereza. Fortunée, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, aliwasomea na kuwajazia. Rafiki yake Nella alimtania kwamba kama angetoza kwacha mia kwa kila fomu, sasa hivi angekuwa na kabaza yake mwenyewe, baiskeli ya kubebea abiria hadi barabara kuu.

Mama yake, Ernestine, alimtegemea vilevile. Alikuwa fundi cherehani tangu Bukavu, na sasa alifanya kazi mbili za nusu wiki. Jumatatu hadi Jumatano alifundisha wasichana kushona katika kituo kimoja hapo Dzaleka. Alhamisi hadi Jumamosi alishona sare za shule katika karakana moja ya Area 49, Lilongwe, akilala kwa dada mmoja wa kanisa.

Alipoajiriwa karakana, alileta fomu. Fortunée aliijaza akiwa na haraka ya kwenda kuteka maji. Swali la saba liliuliza kama mfanyakazi ana mwajiri mwingine. Mkono wake ukasita. Tangu utotoni aliwasikia watu wakionyana wasitaje mapato yao popote, jina lisije likafutwa kwenye orodha ya posho ya wakimbizi. Hakumsomea mama swali hilo. Alitia alama kwenye “hapana”, na mama akatia sahihi.

Miezi mitano ilipita. Jumamosi moja mama alirudi kutoka mjini akaketi bila kuvua viatu. Alisimulia kwamba Bwana Hatungimana, mhasibu wa karakana ambaye naye alikuwa mkazi wa Dzaleka, alialikwa kwenye sherehe ya wasichana waliomaliza mafunzo kituoni, akamwona akigawa vyeti kama mwalimu. Kesho yake, karakanani, alimwekea mama mezani ile fomu yenye “hapana”. Mwenye karakana alitaka jibu Alhamisi ijayo. Ikionekana amedanganya, kazi imekwisha.

“Sisi hatukuandika vile,” mama alisema. “Huyu Hatungimana njo amegeuza karatasi yangu. Anataka kunitoa aweke ndugu yake.”

Fortunée alijiambia atasema ukweli kesho. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na mama aliwasimulia wanawake wenzake nje ya kanisa.

Jumatatu habari ilikuwa imefika darasani. Irangabiye, binti wa Hatungimana, aliketi peke yake kwenye dawati la watu watatu. Alipopita kukusanya madaftari, mvulana mmoja alilikumbatia lake.

“Ficheni madaftari, bantu,” alisema. “Huyu atatugeuzia alama kama baba yake.”

Wote walicheka, hata Nella. Irangabiye aliinamisha kichwa na kuendelea kukusanya. Katika darasa zima, Fortunée peke yake ndiye aliyejua ukweli.

Alipofika nyumbani alimkuta mama akipiga pasi.

“Mama, swali lile mi njo nilijibu. Sikukusomea.”

Mama aliiweka pasi ya makaa kando. Aliuliza kwa nini, na Fortunée akamweleza habari ya posho. Mama hakumpiga wala hakupaza sauti.

“Nimemchafua mutu bure,” alisema.

Alhamisi walikwenda Lilongwe pamoja. Karakanani, kabla ya kukaa, mama alimwomba Hatungimana msamaha kwa yote aliyoyasema juu yake, na Fortunée akaeleza alivyofanya. Mhasibu alivua miwani, akaifuta polepole.

“Mama Fortunée, nami ninaishi kambini. Hofu hiyo ninaijua,” alisema. “Lakini hofu ya ofisi moja haijibiwi kwenye fomu ya ofisi nyingine. Mambo ya posho yaulizwe kule kwenye posho.”

Kisha akawaeleza. Kila mwezi, sehemu ya kwanza ya mapato ya mtu haikatwi kodi. Sehemu hiyo ni ya mtu, siyo ya kazi. Ernestine ni mtu mmoja, lakini kwa kuwa karakana haikujua habari ya kituo, kila upande ulimpa nafuu hiyo kivyake. Ilikuwa kama mtu mmoja kupokea posho kwenye madirisha mawili. Ilipaswa kazi moja itoe nafuu, na ya pili ikate kodi tangu kwacha ya kwanza.

“Kwa hiyo kuwa na kazi mbili si kosa?” Fortunée aliuliza.

“Si kosa hata kidogo, binti yangu. Kosa ni kuificha moja.”

Mwenye karakana alimpa mama barua ya onyo, lakini hakumfukuza. Fomu mpya ilijazwa. Kodi ya miezi mitano ingekatwa kidogo kidogo kwenye mshahara, na mama alikubali, ingawa viatu vipya vya Fortunée vingesubiri hadi mwaka mwingine.

Jumapili mama alisimama mbele ya wanawake walewale na kufuta maneno yake. Fortunée naye alimfuata Irangabiye kumwomba msamaha. Irangabiye alisema sawa, kisha akaondoka na wadogo zake. Hakuwa tayari kwa zaidi ya hapo.

“Mpe muda,” mama alimwambia wakirudi nyumbani. “Na wewe, usiache kuwasomea bantu, banakuhitaji. Ila ukishika kalamu, ujue jina lililo chini ni la mwenzako. Msomee kila swali, hata lile linalokutisha, halafu mwache ajibu mwenyewe.”