Chupa ya Pili ya Dang'a

Kila asubuhi Chapuchapu alifagia banda la mbuzi la shangazi yake. Jina hilo alibandikwa nyumbani kwa kuwa alifanya kila kitu mbiombio, hata kupiga mswaki.

Jumamosi moja mbuzi alizaa, lakini hakuwa na maziwa hata tone. Mtoto wake alilala kwenye nyasi akitetemeka, hana hata nguvu ya kulia.

"Nenda kwenye friza," shangazi alisema huku akimkausha kwa gunia. "Kuna chupa mbili za dang'a, yale maziwa ya kwanza niliyomkamua mbuzi mweusi alipozaa. Weka moja kwenye maji ya uvuguvugu mpaka iyeyuke. Umenisikia?"

"Nimesikia!" alijibu, tayari yuko jikoni.

Lakini barafu ilikuwa ngumu kama jiwe, naye hakuweza kusubiri. Aliipasua chupa ya plastiki kwa kisu, akatia barafu ile kwenye sufuria na kuchochea moto. Si maziwa yote huchemshwa? Punde si punde dang'a ikaganda mabongemabonge kama mayai ya kukaanga.

Mezani palikuwa na maziwa ya ng'ombe ya chai. Aliyamimina kwenye chupa nyingine tupu, akaenda bandani kimyakimya. Nani angejua?

Kile kitoto cha mbuzi kilisikia hatua zake, kikainua kichwa kwa taabu na kuanza kunyonya kidole chake. Machozi yakamtoka.

"Shangazi, hii si dang'a. Nimeichemsha, imeharibika. Haya ni ya chai."

"Ala! Kalete ile ya pili, upesi!"

Safari hii alichuchumaa kando ya beseni, akiigeuzageuza chupa mpaka ikayeyuka yote. Kitoto kikanywa polepole. Kufikia adhuhuri kilisimama, kikaanguka, kikasimama tena, kisha kikamkojolea mguuni. Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Sikiliza, mwanangu," alisema baadaye. "Dang'a ndiyo kinga ya mtoto. Ukiichemsha, kinga inakufa. Hilo ni kosa, na kila mtu hukosea. Lakini ungenyamaza, ningemnywesha maziwa ya chai nikidhani amepata kinga, na leo tungemzika. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna chupa nyingine."