Pikipiki Iliyokosa Pumzi Jangwani

Injini ilizima mahali pabaya kuliko pote, pale bonde la Jangwani linapoinama na macho hayaoni tena lami iko wapi. Ilikohoa, ikavuta pumzi kama mtu aliyezibwa mdomo, kisha kimya. Hajira akatupa mguu chini upesi kabla pikipiki haijalala. Maji yakamfika mapajani. Yalikuwa mazito, ya rangi ya chai ya maziwa, yakivuta kwa nguvu kuelekea kulia, upande wa daraja la Salenda na bahari, yamebeba magodoro, mbao, madumu na mbuzi aliyekufa.

Nyuma yake mdogo wake, Awadhi, aliruka majini akashika keria, chuma cha mizigo nyuma ya siti, kwa mikono yote miwili.

"Awadhi." Hajira hakugeuka. "Ule mpira wa pumzi, ulifunga?"

Awadhi akaanza kusukuma.

"Nakuuliza, ulifunga au hukufunga?"

"Dada, tuisukume kwanza."

Hapo Hajira akajua. Hasira ikamsahaulisha baridi.

Pikipiki ile ilikuwa ya aina ndefu, ya kukimbia lami na kupita porini, na ndiyo iliyompeleka Hajira vijijini Lindi kila msimu kununua ufuta wa kuja kuuza kwa jumla Kariakoo. Ilikuwa imara, lakini ilikuwa na magonjwa yake ambayo kila mwenye aina ile anayajua. La kwanza ni mpira mwembamba ambao kabureta huvutia pumzi. Umeelekezwa chini kabisa, karibu na tairi, kwa hiyo ukizama majini, injini inakabwa na kuzima. La pili ni boliti mbili za chini ya siti, zinazoshika fremu ya nyuma. Ilizotoka nazo kiwandani ni laini, na mzigo ukizidi hukatika. Hajira alinunua vifaa vyote mwenyewe, akamkabidhi Awadhi, fundi wa pikipiki mtaa wa Gerezani, kisha akaenda Lindi. Aliporudi alimuuliza. Awadhi akasema, "Imekwisha, dada. Iko fiti."

Asubuhi hiyo mama yao, Bi Mwanne, alikuwa amepiga simu kutoka Suna, ng'ambo ya bonde. Maji yameingia, alisema, nimepanda kitandani, na kitanda kinaanza kuelea. Bi Mwanne alikuwa na goti bovu. Hata ngazi za msikitini alipanda kwa kushikwa. Kisha simu ikakatika, na kila walipompigia haikupatikana. Huko kwa waokoaji waliambiwa boti zote ziko kazini. Bajaji zilikuwa zimegeuza, bodaboda za kawaida zimegeuza. Ndipo Hajira akatoa pikipiki ndefu.

"Sukuma," akasema sasa. "Kushoto. Kwenye kile kifusi."

Walisukuma wakipambana na mkondo. Tope lilimeza viatu vya Awadhi, kimoja kisha cha pili, akaendelea pekupeku. Friji iliyokuwa ikielea ilikuja ikizunguka, ikamgonga Hajira ubavuni, akazama mpaka kidevuni. Hakuachia usukani. Awadhi alimshika kola ya koti akamvuta juu, naye akatema maji machafu, akamsukuma.

"Usinishike mimi! Shika pikipiki!"

Kifusi kilikuwa rundo la udongo wa ujenzi, pana kiasi cha kuwatosha wao na pikipiki tu. Walipofika juu, maji yalikuwa yamewazunguka pande zote, na kingo za rundo zilikuwa zikimeguka vipande vipande.

Hajira alichuchumaa akafungua kifuniko cha chujio la hewa. Lilikuwa kavu. Akashusha pumzi. Maji hayajaingia ndani ya injini. Akafungua skrubu ya chini ya kabureta, mafuta yakatoka yamechanganyika na maji, akayaacha yatiririke mpaka yakaja safi. Halafu akapapasa ubavuni mwa injini, akaukuta mpira wa pumzi unaning'inia kulekule ulikokuwa siku zote.

"Kwa nini?" akauliza.

"Nilitingwa na kazi za watu. Nikajua mvua ndiyo imeisha, nitafunga baadaye."

"Lakini ulisema imekwisha."

"Nilisema."

"Ungeniambia hujafunga, ningepitia Kigogo! Ningekodi hata mtumbwi! Nimekuja katikati ya mto kwa mdomo wako, Awadhi!"

Alikuwa amemkaba kola bila kujua. Awadhi alikuwa akitazama upande wa Suna, kwenye mapaa ya mabati yaliyotokeza juu ya maji.

Hajira akamwachia. Akauchomoa mpira kwenye vishikizo vyake, akaupandisha kando ya tangi mpaka chini ya siti, mdomo wake ukielekea juu, akaufunga kwa kipande cha kamba. Kazi ndogo namna hiyo. Udogo wake ulimuumiza zaidi.

"Na boliti za fremu?"

"Hizo nilifunga."

"Nitazame usoni."

"Wallahi, dada, nilifunga."

Akabonyeza kitufe. Injini iligoma, ikagoma tena, kisha ikanguruma, na ekzosi ikatema maji na moshi mweupe. Waliondoka upande mmoja wa rundo ukiporomoka nyuma yao.

Safari hii haikuzima. Hajira aliishika gia ya kwanza, akaichezea klachi, asiachie mafuta hata kidogo. Maji yalipanda mpaka magotini akiwa juu ya siti. Mara tairi la mbele liligonga kitu, pengine ukingo wa mtaro, na Awadhi akaruka majini kuipa pikipiki bega.

Suna ilikuwa imekuwa ziwa lenye kuta. Watu walikuwa juu ya mapaa, wengine wamekumbatia nguzo. Nyumba ya Bi Mwanne waliitambua kwa rangi ya kijani ya kuta zake juu ya maji. Awadhi aliingia mlangoni, kichwa kikigusa kizingiti cha juu. Alimkuta mama yao juu ya kabati la vyombo, amejikunja, kanga imemganda mwilini, ameshikilia nondo za dirisha.

"Shikamoo, mama," akasema Awadhi, kwa mazoea tu.

"Marahaba. Mlikuwa mnakunywa chai?"

Alimbeba mgongoni. Nje, Hajira alikuwa ameegemeza pikipiki ukutani huku injini ikinguruma. Walimpandisha Bi Mwanne nyuma, Awadhi akakaa nyuma yake kumzuia asianguke, wakaanza kupanda kuelekea Magomeni.

Hawakufika mbali. Kwenye shimo la kwanza kubwa kilisikika kishindo chini ya siti, mlio mkavu wa chuma. Sehemu yote ya nyuma ilishuka upande wa kushoto. Siti ikalalia tairi, tairi likaanza kuitafuna, na harufu ya mpira unaoungua ikapanda juu ya harufu ya maji machafu. Bi Mwanne akateleza. Awadhi alimdaka kabla hajazama.

Hajira aliinama akatazama. Boliti ya kulia ilikuwa mpya, inang'aa. Ya kushoto ilikuwa kuukuu, imekatika katikati.

"Uliapa," akasema.

"Nilifunga ya kulia. Ya kushoto ilikataa kutoka, nikasema nitai..."

Kofi lilimkuta kabla hajamaliza. Hajira akainua mkono tena.

"Hajira!" Sauti ya mama ilikuwa kali kama ya zamani. "Nitoe kwanza humu majini. Ukishanitoa, mpige mpaka uchoke, na mimi nitakusaidia."

Mkono ukashuka. Hajira alitazama huku na huku. Maji yalikuwa kiunoni mwa Awadhi na mkondo ulikuwa unazidi. Kumbeba mama mpaka mwisho kusingewezekana, kwani Awadhi angeteleza mara moja tu na wote wawili wangekwenda. Pikipiki ilikuwa bado na injini.

"Nipe kanga, mama."

Bi Mwanne alivua ile ya juu. Hajira akaisokota ikawa kamba, akaipitisha kwenye fremu ya nyuma na ile kubwa, akakaza kwa kuizungusha na spana kama mtu anayekaza bandeji, mpaka siti ikaachana na tairi. Isingebeba mtu, na hata yenyewe isingejibeba kwa muda mrefu. Kisha akamkalisha mama mbele, juu ya tangi la mafuta, akimzungushia mikono yake miwili kwenye usukani.

"Wewe," akamwambia Awadhi, "shika keria. Inyanyue. Ukiiachia, tairi linakula siti na tunabaki hapa."

Awadhi aliinyanyua. Alitembea hivyo, pekupeku juu ya mabati na vioo asivyoviona, chuma cha keria kikimkata viganja, maji yakimpiga kiunoni. Hajira alimsikia nyuma yake akihema na kuita jina la Mungu kwa sauti ndogo. Hakumwonea huruma. Alitaka auhisi uzito ule wote, kila hatua. Lakini pikipiki ilipoyumba penye maji ya magotini na kuanza kulala kulia, ni Awadhi aliyezunguka akaikinga kwa mwili wake, ekzosi ikamuunguza paja, naye akapiga ukelele bila kuachia. Bi Mwanne aliyafumba macho. Akayafumbua lami ilipoanza kuonekana chini ya maji, nyeusi, imara, ikipanda.

Vijana wa Magomeni waliteremka na kamba. Mmoja alimpokea Bi Mwanne, wengine wakaivuta pikipiki mpaka pakavu. Mwanamke mmoja muuza uji, Selina, akawamiminia vikombe bila kuuliza wametoka wapi. Awadhi alikaa chini barazani. Nyayo zake zilikuwa zimechanika vibaya, na viganja havikuweza kushika kikombe.

Hajira alisimama mbele yake. Alikuwa na maneno mengi, aliyapanga njia nzima. Akachuchumaa, akamshikia kikombe mdomoni.

"Kunywa," akasema. "Sijakusamehe."

"Najua."

Wiki hiyo Bi Mwanne alihamia kwa Hajira Kariakoo, ghorofa ya tatu, na akaanza mara moja kuzilaani ngazi. Vidonda vya Awadhi vilipofunga, aliipeleka pikipiki Gerezani, akaifumua yote. Hajira aliacha duka lake akaenda kukaa juu ya kreti, mbele yake, mikono kifuani. Awadhi alimwonyesha kila kifaa kabla hajakifunga. Alipofika kwenye boliti ya kushoto, aliitoa ile iliyokatika kwa shida ya asubuhi nzima, akaingiza mpya, akakaza.

"Tayari, dada."

"Fungua, nione."

Awadhi akaifungua, akaiweka kiganjani mwake penye kovu, akamnyooshea. Hajira akaigeuza, akazitazama nyuzi zake moja moja, akamrudishia.

"Haya. Kaza."