Msomaji Wangu wa Kwanza

"Moelagi, tumefika Vaisulu. Marehemu yuko wapi?"

Nilikuwa nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, simu nimeibana kwa bega. Sauti ilikuwa ya Lepeka wa Auckland, msomaji wa blogu yangu, mtu ambaye sikuwahi kumwona kwa macho.

"Vaisulu ipi?" nikauliza kama mjinga.

"Kwani ziko ngapi? Vaisulu ya Bibi Fuatino! Tuko watu tisa, tumevaa nyeusi, tuna mikeka laini minne ya msiba na katoni kumi na mbili za samaki wa kopo. Tumeshuka kivuko asubuhi hii. Hapa hakuna turubai, hakuna wimbo, hakuna anayelia. Kuna wazee wanacheza karata, wanatutazama kama tumelewa."

"Mmetoka Auckland?"

"Wanne Auckland, watatu Brisbane, wawili Apia. Wote wasomaji wako. Ulitaka tuandike 'poleni' halafu tukalale? Bibi amekufa, dada!"

Blogu yangu inaitwa Toonai, kama sisi Wasamoa tunavyokiita chakula cha Jumapili baada ya ibada. Kila Jumapili naandika tulichopika na kilichosemwa mezani. Sheria yake ni moja, nimeiandika juu kabisa: Kila anayeandika atajibiwa. Miezi sita ya kwanza hakuandika mtu. Kisha akaja Bibi Fuatino wa Vaisulu, akauliza kwa nini majani yangu ya taro yanawasha koo. Nikamjibu. Akaja mwingine kumbishia. Bibi akawa anakaribisha kila mgeni, anamuuliza yeye ni wa kijiji gani, mtoto wa nani. Waliogombana aliwapatanisha. Baada ya miaka miwili tulikuwa elfu tatu, tunajuana kama washirika wa kanisa moja.

Jumatatu ya wiki ile Ierome, mchumba wangu, fundi simu wa Salelologa aliyenitengenezea blogu hiyo, aliniambia bibi amefariki kwa homa. Nililia, nikaandika tanzia.

Sasa nilimkuta uani anapangusa kioo cha gari lake.

"Ierome! Washa gari, twende Vaisulu."

Kitambaa kikamdondoka. "Vaisulu kuna nini?"

"Kuna msiba. Au hakuna. Twende."

Njia nzima aliendesha polepole kuliko kawaida yake.

Mzee Tuiloma, chifu wa Vaisulu, alikuwa amesimama katikati ya uwanja, wageni wangu wamesimama mbele yake na katoni zao.

"Wewe ndiye mwandishi?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Nimezaliwa hapa miaka sabini na moja iliyopita. Nawajua walio hai na waliolala. Fuatino hatujawahi kuwa naye. Nani amemuua mtu kijijini kwangu bila kuniambia?"

Mmoja wa wacheza karata akacheka, mwenzake akamziba mdomo. Lepeka hakucheka. Ni mwanamke wa miaka hamsini, mnene, na mkeka aliukumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Mheshimiwa," akasema, "mama yangu alikufa mwaka mipaka ilipofungwa. Nilimzika kwa simu. Betri ikaisha kabla udongo haujaingia. Bibi Fuatino ndiye aliyenishika mkono nikaamka tena kitandani. Nimekuja kumzika yeye kwa mikono yangu, kwa sababu mama sikumzika. Sasa mnaniambia hayupo?"

Mzee akaugusa ule mkeka.

"Mkeka uliofika hapa haurudi barabarani," akasema. "Mama yako aliitwa nani?"

"Sulia."

"Mwiteni mchungaji."

Palepale watu wa Vaisulu, ambao hawakumjua Sulia hata kwa sura, walimwimbia. Nilipofumbua macho baada ya Amina niliona mtu mmoja tu hakuimba. Ierome alikuwa ndani ya gari lililozimwa, ameshika usukani kwa mikono miwili.

Nikamwendea.

"Nani alikuambia bibi amekufa?"

"Moe..."

"Usiniite Moe. Nani?"

"Hakuna mtu."

"Uliota?"

"Ni mimi, Moelagi. Fuatino ni mimi, tangu siku ya kwanza. Ulikuwa unalia kila Jumapili kwamba hakuna anayekusoma. Nilitaka upate mmoja tu. Kisha wakaja wa kweli, wakampenda, nikashindwa kutoka. Lepeka akasema Krismasi atakuja kumtembelea. Nikaogopa. Nikamuua."

"Ukamuua."

"Nilidhani wataandika pole, yataisha."

"Wewe ni Msamoa wa wapi? Umeona wapi hapa mtu akafa watu wakaishia kuandika?"

Akashika ufunguo wa gari, akauachia.

"Na magoti yake je?"

"Magoti gani?"

"Magoti ya Fuatino! Ulisema yanamuuma! Mama yangu alifunga siku tatu kwa ajili ya magoti yale! Kila sala ya jioni kwetu tulimtaja. Umenifanya nimpelekee Mungu jina la uongo, Ierome, nawe umekaa pale umefumba macho, ukasema Amina!"

"Niliogopa kukuambia..."

"Ungeiogopa hiyo Amina!"

Hapo nikakumbuka. Nikatoa simu, nikatafuta ujumbe wa mwaka jana. Niliuandika faragha, si mbele ya wasomaji. Nikamsomea kwa sauti:

"'Bibi, Ierome amenichumbia. Ni mpole mno, sijui kama ni upendo au ni uoga. Nifanyeje?'"

Akafunika uso.

"Usijifiche, jibu lako hili hapa. 'Mwanangu, mwanamume anayetengeneza vya wenzake bila kunung'unika, usimwache apite. Mkubali.' Uliandika ukiwa wapi?"

"Dukani."

"Na jioni ile ukaja kwetu kula, nikakukubali mbele ya mama, mama akalia kwa furaha. Nilikwenda kwa bibi kuuliza habari zako, kumbe nimefunguliwa mlango na wewe umevaa gauni lake! Ulijipigia kura mwenyewe, ukajihesabia, ukajitangaza mshindi!"

"Nilikupenda."

"Nani alinipenda? Wewe au bibi?"

Pete ilikuwa imebana. Nikailowesha mate, nikaivua, nikaiweka juu ya dashibodi.

"Mimi narudi na wageni wangu kwa basi," nikamwambia. "Wewe rudi na marehemu."

Baada ya sala ya jioni niliandika ukweli wote kwenye blogu. Sikupaka sukari. Maoni yakaja kama mvua ya mawe.

"Nilimwambia bibi huyo siri za ndoa yangu," aliandika Tavai wa Brisbane, ambaye hakuweza kusafiri na wenzake. "Huyo Ierome nikimwona nitamrukia kama jogoo."

Lakini lililonichoma lilikuwa la Sieni wa Apia, mstari mmoja tu: "Moelagi, nawe ulijua? Sema kweli."

Niliwajibu wote, mmoja mmoja, siku mbili mfululizo. Sikujua. Nisameheni. Mia nne waliondoka hata hivyo. Miaka miwili ya Jumapili zangu, na sasa kila jina nililolisoma nilijiuliza: huyu naye ni mtu?

Asubuhi ya tatu mama yangu alisimama mlangoni.

"Moelagi, amka. Kuna mkeka uani."

"Nani ameuanika?"

"Haukuanikwa. Una magoti."

Nikatoka. Ierome alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi zenye umande, amefunikwa kichwa hadi visigino na mkeka laini wa mama yake, ule aliouvaa siku ya harusi yake. Mbele yake aliweka kuni na mawe ya kuokea, kama wazee walivyofanya zamani: nimekosa, mkitaka nipikeni. Hiyo ndiyo ifoga. Mkeka hauondolewi na mkosaji. Huondolewa na aliyekosewa, au hauondolewi.

"Ameleta hadi kuni," mama akasema kwa sauti ya kusikika. "Mwambieni hatuli waongo, wanachacha upesi."

Lepeka, aliyekuwa amelala kwetu na wenzake, akatoka na kikombe cha chai.

"Huyu ni wako," akaniambia.

"Mimi si wa kwanza. Bibi yako ndiye aliyeuawa."

Hakuna aliyesogea. Kuku walipita, wakamdonoa kando ya miguu. Jua likapanda. Saa tano jasho lilikuwa linamtoka hadi kulowesha pindo la mkeka. Nilisema moyoni: Bwana, sitaki kumhurumia, nisaidie nisimhurumie. Sijui kama sala ya namna hiyo hupokelewa.

Mwishowe Lepeka akaburuta kiti, akaketi karibu na mkeka.

"Wewe uliye humo ndani. Uliniandikia kwamba mama hahesabu nani alishika jeneza, anahesabu nani alimpigia simu akiwa hai. Ulinakili wapi?"

Sauti ikatoka chini, kavu. "Sikunakili. Aliniambia bibi yangu, bibi wa kweli. Baba alipozikwa nilikuwa kisiwani Tutuila kwenye kiwanda cha samaki. Sikuwahi kivuko."

Lepeka akaweka kikombe kwenye nyasi. Chai yake ilikuwa imepoa.

"Basi wewe na mimi tulikosa mazishi."

"Ndiyo, mama."

"Ungeyasema hayo kwa jina lako, mpumbavu wewe, ningekupenda vilevile!"

Akaupiga mkeka kwa kiganja mara mbili, kwa nguvu, huku analia. Kisha akauvuta.

Ierome alikuwa mwekundu wa macho, midomo imepasuka. Hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Usinitazame," nikasema. "Huyu amekusamehe. Mimi bado nina hasira, na hasira yangu haina haraka."

"Nifanye nini?"

"Blogu ina mahali pa maoni. Kaandike. Safari hii weka jina lako."

Lepeka aliukunja mkeka, akaondoka nao Auckland, maana ndiyo haki ya aliyeuondoa.

Jumapili iliyofuata maoni ya Ierome yalikuwa ya kwanza. "Ierome, Salelologa. Leo nimekula mkate na chai. Sikualikwa popote."

"Vizuri!" akaandika Tavai. "Kesho kula na mawe yako."

Wiki ile nilimjibu kila aliyeandika. Yeye nilimruka. Wiki ya pili nikamruka, na ya tatu. Hakuacha. Aliandika simu alizotengeneza, mvua, kikohozi cha mama yake. Hakuomba chochote. Miezi ikapita, na wale walioondoka wakaanza kurudi mmoja mmoja, nadhani kuja kuona kama nitamjibu.

"Moelagi," akaandika Sieni, "sheria yako inasema kila anayeandika atajibiwa."

"Najua inavyosema. Niliiandika mimi."

Nyumbani, kwenye sala ya jioni, mama alirudisha jina lake bila kuniuliza. Alipofika "na Ierome", nilifunga mdomo mpaka apite.

Jumapili ya thelathini na moja aliandika hivi:

"Ierome, Salelologa. Mwaka jana uliuliza swali, likajibiwa na mtu asiyekuwepo. Uliuliza kama ni upendo au ni uoga. Ni vyote viwili. Mimi ni mwoga, Moelagi. Niliogopa ukinijua hutanitaka. Lakini upendo ndio uliotangulia. Hili nalisema mbele ya watu wote, na kama jibu ni hapana, Jumapili ijayo nitaandika tena kuhusu mvua."

Nilisoma mara tatu. Siku nzima sikupata mtu aliyeandika neno, hata Tavai. Elfu tatu kasoro walikuwa kimya kama kanisani.

Jioni mama akasali. "Na Ierome," akasema, akasita kidogo kama kawaida yake.

"Amina," nikasema.

Mama hakufumbua macho, lakini alinishika goti.

Nilipofungua simu, Lepeka alikuwa ameshavunja ukimya: "Mimi nauliza tu. Mkeka wa kijana huyu uko chini ya godoro langu tangu Machi, unaniumiza mgongo. Nifanyeje nao?"

Nikaanza na yeye niliyemruka wiki zote zile. Nikamwandikia kama msomaji wangu wa kwanza alivyokuwa akimwandikia kila mgeni:

"Ierome wa Salelologa, karibu Toonai. Wewe ni wa kijiji gani, mtoto wa nani?"

Kisha nikamjibu Lepeka:

"Ulete, dada. Bibi harusi hana cha kuvaa."