Magurudumu ya Mbele

Siku Anena alipokutana na Sifuna hakuwa akitafuta mchumba. Alikuwa akitafuta mnyororo wa pikipiki, tena kwa hasira, maana alikwisha kuzunguka karibu mtaa mzima wa Nateete, hapo Kampala, na kila muuzaji vipuri alimuuliza swali lile lile: pikipiki yenyewe ni ya aina gani? Jua lilikuwa kali, spika za wauza nguo zilikuwa zikipigiana kelele, na harufu ya mayai yanayokaangwa na chapati ilimkumbusha kwamba hajala tangu asubuhi. Alikuwa amevaa ovaroli ya buluu aliyoifunga mikono kiunoni, fulana ya njano juu, na rasta zake alizikaza nyuma kwa kipande cha waya wa umeme. Ungemwona namna ile usingemwita mrembo mara moja, ungempisha njia kwanza. Urembo ungeuona baadaye.

Duka aliloingia mwisho lilikuwa la Mzee Makokha, Mkenya wa Webuye aliyeuza vipuri hapo miaka mingi. Mzee hakuwepo. Nyuma ya kaunta alisimama kijana mrefu, mwembamba, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama. Shati lile halikufaa kabisa mahali penye grisi namna ile.

"Mnyororo wa pikipiki gani, nyabo?" kijana aliuliza, akimwita bibie kwa Kiganda.

"Hapana ya pikipiki. Ya roboti."

Anena alingoja kicheko. Kijana hakucheka, aliegemea kaunta kama mtu aliyeletewa habari za nyumbani. "Ina magurudumu mangapi?"

"Sita. Tatu huku, tatu kule."

"Basi itaenda mbele na nyuma tu. Ikitaka kwenda pembeni?"

"Itageuka, kama watu wengine."

"Na pale kwenye kichochoro cha rafu itageukia wapi? Nimesoma sheria za shindano la roboti. Ni pembamba pale."

Anena alimtazama upya, kuanzia shati. Ikatokea kwamba kijana huyu, Sifuna mwana wa Makokha, alikuwa mwanafunzi wa chuo kile kile cha Anena. Yeye alisomea umeme, mwaka wa pili, na Anena alikuwa wa tatu upande wa mitambo, tena nahodha wa timu ya roboti. Sifuna alikiri kwamba alishawahi kufika mlangoni pa karakana akitaka kujiunga, akamkuta Anena anamkaripia mtu, akageuza. Anena alinunua mnyororo, akachukua na namba ya simu, akasema ni kwa ajili ya kuulizia vipuri. Hilo aliliamini mwenyewe mpaka alipofika nyumbani.

Shindano lilikuwa la vyuo vya Kampala. Roboti zingepambana kwa raundi mbili: ya kwanza kukimbia kwenye njia iliyonyooka na kupanda mwinuko, ya pili kuingia kwenye kichochoro katikati ya rafu, kama za ghala, na kupanga kreti. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, timu ilipaswa kuamua roboti itembee kwa kitu gani, na jambo hilo wao waliliita miguu. Anena alitaka magurudumu sita ya kawaida yaliyounganishwa kwa mnyororo, yenye nguvu, yasiyosukumika. Sifuna, aliyejiunga na timu wiki ile ile, alitaka magurudumu manne ya aina nyingine, kila moja limezungukwa na rola ndogo zilizokaa mshazari. Ukiyafunga sawasawa, roboti inaweza kuteleza kwenda kushoto au kulia bila kugeuka hata kidogo. Magurudumu hayo hayakuwepo dukani, akayatengeneza mwenyewe, na rola zake akazikata kwenye mpira wa tairi kuukuu, moja moja.

Walibishana karakanani mchana, wakabishana kwenye simu jioni, na wote wawili walijua kwamba ubishi ulishageuka kitu kingine.

"Unafanya nini, Kamanda?" Sifuna angeuliza. Alimpa jina hilo kwa sababu Anena alizaliwa na kukulia kwenye nyumba za polisi za Naguru.

"Nawaza miguu."

"Yangu ama ya roboti?"

"Ya kwako nyembamba, bambi," Anena angejibu, kwa neno lile la Kampala la kumwonea mtu huruma. " Hakuna kitu ya kuwaza pale."

Na Sifuna angecheka kile kicheko chake cha chini chini, na Anena angeibana simu sikioni kana kwamba kicheko kingeweza kumwagika.

Siku ya kuamua ilipofika, walipanga meza mbili kuwa kichochoro na kujaribu aina zote mbili za miguu. Magurudumu sita ya Anena yaligonga meza kila yalipogeuka. Manne ya Sifuna yaliingia, yakateleza pembeni, yakatoka. Karakana nzima ilimgeukia nahodha. Ilimuuma, maana ile miguu sita aliifikiria kwa miezi. Lakini alisema mbele ya wote kwamba wanachukua ya Sifuna. Olweny, fundi wa betri, alinong'ona kwamba mapenzi ndiyo yaliyopiga kura.

Huyu Olweny hakudumu. Timu ilikuwa na sheria moja ambayo Anena mwenyewe ndiye aliyeileta, pengine kutoka kwa baba yake askari: kila sehemu ya roboti ina mwenyewe, na hakuna anayeigusa bila kumwambia mwenyewe. Olweny alibadilisha nyaya za sehemu isiyo yake, kwa nia nzuri tu, na Anena akamtoa kwenye timu siku hiyo hiyo. Aliomba msamaha na hakusikilizwa. Sheria ni sheria, Anena alisema, na alikuwa mgumu kweli kweli.

Wakati huo Mzee Makokha alikuwa akijiandaa kufunga duka na kurudi kwao Webuye kabisa. Alitaka kijana wake ahamie chuo cha huko. Sifuna alimweleza Anena habari hiyo wakiwa wamekaa kwenye ngazi za karakana, jioni, ovaroli zao zikinuka oili.

"Tushinde tusishinde, Jumapili baada ya shindano nakuja Naguru kumwamkia mzee wako," alisema. "Akinipokea, namwambia baba yangu nabaki."

"Unabaki Kampala?"

"Nabaki na wewe. Kampala ni mahali tu."

Anena alilia kidogo, akasema ni moshi wa kuchomelea. Nyumbani alimwambia mama yake, Rukiah, na mama akaanza kupanga pilau kabla hata ya kuuliza jina la mgeni. Sajini Olal, baba yake, aliuliza jina, kabila na dini, akajibiwa, akasema kijana anayekuja mwenyewe mlangoni ana adabu.

Shindano lilifanyika Old Kampala, kwenye ukumbi wa kukodi uliotandikwa zulia jekundu. Asubuhi Sifuna aliifunga miguu yake mwenyewe, wala hapakuwa na nafasi ya majaribio. Raundi ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Roboti ilikimbia, ikapanda, ikamaliza mbele ya wote, na Sifuna akamtazama Anena kwa macho ambayo msichana angeweza kuishi nayo mwaka mzima. Kisha akaenda kuchaji betri upande wa pili wa ukumbi.

Anena alibaki na roboti. Akaona nyuzi nyekundu za zulia zimejisokota kwenye rola za mbele, zimekaza. Angeweza kumpigia simu. Lakini alikumbuka kwamba kijana yule hakulala vizuri wiki nzima, akamwonea huruma, akataka akirudi akute kazi imekwisha. Aliyafungua magurudumu mawili ya mbele, akatoa nyuzi zote kwa kibano cha nyusi alichokuwa nacho mkobani, akayarudisha. Alisukuma roboti mbele, nyuma, ikaenda vizuri. Alijisikia kama mke.

Raundi ya pili ilipoanza, roboti ilikwenda mbele bila tatizo mpaka kwenye kichochoro. Sifuna akaiamuru iende pembeni. Badala ya kwenda pembeni ilizunguka papo hapo, ikapiga rafu, kreti zikamwagika. Alijaribu tena, ikazunguka tena. Watu walicheka, na kicheko cha ukumbi mzima ni kitu kizito. Filimbi ikapulizwa.

Anena alijua kabla roboti haijaondolewa uwanjani. Gurudumu la kushoto alilifunga kulia, na la kulia kushoto. Kwa kwenda mbele kosa hilo halionekani, lakini kwa kwenda pembeni magurudumu ya mbele yanavuta huku, ya nyuma yanavuta kule, na roboti inabaki kuzunguka.

Mezani, Sifuna aliigeuza roboti juu chini na kuyakagua magurudumu. Timu ilikuwa imemzunguka, na Olweny naye, aliyekuja kama mtazamaji, alikuwa amesimama hapo mikono kifuani.

"Kuna mtu aligusa magurudumu ya mbele?" Sifuna aliuliza, taratibu.

Neno lilikuwa mdomoni mwa Anena. Kisha alimwona Olweny. Akaona namna atakavyotabasamu.

"Mimi sijaona mtu," alisema.

Sifuna alimtazama. Halafu akawageukia wenzake. "Basi ni mimi. Asubuhi niliyafunga vibaya."

Wakamsema, na hawakumsema kidogo. Atim, aliyeshughulikia mkono wa roboti, alilia kwa uchungu akasema wangebaki na miguu sita. Anena alisimama pale pale, akamwacha asemwe. Alijiambia kwamba Sifuna mwenyewe anaamini ni kosa lake, kwamba ukweli hautarudisha kreti rafuni, kwamba atamweleza siku nyingine kukiwa na utulivu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Jioni ile Sifuna alipiga simu.

"Anena, huna kitu ya kuniambia?"

Hakumwita Kamanda. Anena aliliona hilo, akaliacha lipite.

"Pole tu, bambi. Usijilaumu. Kila mtu anakosea."

"Haya," Sifuna alisema. "Lala salama."

Jumapili mama Rukiah alipika pilau. Sajini Olal alivaa shati lake la sherehe, akakaa sebuleni akitazama mlango na kujifanya anasoma gazeti. Anena alivaa gauni la kitenge la kijani, akatoka nje kila aliposikia pikipiki. Simu ya Sifuna ilikuwa imezimwa. Pilau ilipoa, wakala wenyewe, na baba akasema kijana yule hana adabu hata kidogo. Anena aliinamia sahani yake, akanyamaza tena.

Siku zilizofuata Sifuna hakuonekana chuoni. Karakanani walimtania akiwa hayupo, na kila utani ulimchoma Anena mahali pale pale, mpaka asubuhi moja hakuweza tena. Aliwaita wote, akamwita na Olweny, akasema yeye ndiye aliyeyagusa magurudumu. Kwa sheria yake mwenyewe alijitoa kwenye timu. Olweny hakutabasamu hata kidogo, na hilo lilimuuma zaidi. Kisha akaenda Nateete, mbio, moyo umemjaa matumaini, kwa sababu sasa alikuwa amesema, na aliyesema husamehewa. Ndivyo alivyofikiri njia nzima.

Duka lilikuwa tupu. Sifuna alikuwa akifunga maboksi kwa kamba, fulana yake imelowa jasho.

"Ni mimi niliyafungua yale magurudumu," Anena alisema kabla hata ya salamu. "Nilitaka kukusaidia. Nimewaambia wote leo."

"Najua ni wewe."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Mimi nati ya gurudumu nafunga kwa upande wa ndani. Kwenye timu ni wewe peke yako unafunga kwa nje. Nilijua pale pale mezani."

Anena alishika kaunta. "Sasa mbona ulisema ni wewe?"

"Ningekuacha uaibike mbele ya Olweny? Nilisema moyoni, jioni utaniambia mwenyewe, tucheke, iishe. Nikakupigia nikakuuliza. Ukaniambia nisijilaumu."

Anena alilia bila kujificha, mbele ya wapita njia, akaomba msamaha kwa Kiswahili na kwa Kiacholi, lugha ambayo Sifuna hakuielewa. Sifuna aliacha kamba, akamshika mikono yote miwili.

"Nilikusamehe siku ile ile," alisema. "Roboti ni vyuma. Lakini mimi nilikuwa niache watu wangu nibaki huku na wewe tu. Nikajiuliza, siku mambo ikiwa ngumu na watu wamenizunguka, huyu atasimama upande wangu? Nikakosa jibu."

"Nitasimama. Niulize sasa."

"Sasa umeshajua jibu gani ninataka." Bado alikuwa amemshika mikono. "Bado nakupenda, Kamanda. Hiyo ndiyo shida yenyewe."

Nje, Mzee Makokha alipiga honi ya lori la mizigo. Sifuna aliachia mikono, akabeba boksi, akatoka. Anena aliwasaidia kupakia, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake, na Mzee Makokha akamshukuru sana, akamwita binti mzuri.

Alipofika Naguru baba yake alikuwa barazani, amevua buti. Alimwona macho mekundu, akaanza tena habari za kijana yule asiye na adabu.

"Baba, Sifuna ana adabu," Anena alisema. "Hakuja kwa sababu yangu." Akamweleza yote akiwa amesimama, tangu nyuzi za zulia hadi nati, asijipunguzie kitu.

Sajini Olal alimsikiliza mpaka mwisho. "Na yeye umemwambia?"

"Nimemwambia leo."

"Leo," baba yake alisema.

Alisogea akampa nafasi kwenye benchi, na Anena akakaa, na mama Rukiah akatoka jikoni kuuliza nani analia.