Paja la Tluway na Mikono ya Mama

Tluway hakujua kutulia. Asubuhi alikuwa juu ya mashine ya kuvunia ngano aliyokabidhiwa kwenye shamba kubwa alikoajiriwa. Jioni alikuwa uwanjani na timu ya shamba. Mke wake, Efrazia, alisema mume huyu hata ugali anaula akiwa amesimama.

Jumapili moja walicheza na timu kutoka Katesh. Wakigombea mpira, goti la beki mmoja lilimpiga Tluway pajani, mguu wa kushoto. Alianguka, akainuka, akaendelea kucheza mpaka filimbi ya mwisho. Ubishi tu! Alirudi nyumbani akiburuta mguu.

Mama yake, Verediana, alikuwa amekuja kuwatembelea kutoka Dongobesh. Alipoona paja limevimba, alibandika maji jikoni. Akachukua mafuta ya kondoo, akaanza kukanda.

"Mama, polepole!" Tluway alipiga kelele.

"Nyamaza. Damu imeganda humu. Baba yako nilimkanda hivi hivi alipopigwa teke na punda."

Asubuhi paja lilikuwa gumu na goti halikunjiki. Mama akabandika maji tena. Nje, injini za mashine zilinguruma zikijaribiwa, maana mavuno yalikaribia. Tluway alijikokota mlangoni, akarudi kitandani, akaenda mlangoni tena.

"Msimamizi wa shamba amesema asiyeweza kukanyaga klachi siku ya kwanza, mashine yake anapewa mwingine," alisema. "Mama, kanda kwa nguvu!"

Efrazia alishindwa kuvumilia. Alikwenda kumwita Bwana Halfani, mganga wa zahanati ya shamba.

"Shikamoo, mama," Halfani alimwamkia Verediana.

"Marahaba. Umekuja kunifukuza?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukuomba msaada."

Alilitazama paja, kisha akabinya vidole vya mguu. "Unasikia hapa?"

"Nasikia."

"Vizuri. Lakini paja likizidi kukaza, maumivu yakizidi, au mguu ukifa ganzi, msingoje kukuche. Hospitali mara moja."

"Na kukanda?" mama aliuliza.

"Mama, nyama ya ndani imepondeka, inavuja damu. Maji ya moto na kukanda vinaiongezea kuvuja. Tena nyama ikisumbuliwa sana, mfupa unaweza kuota ndani yake. Hapo goti litagoma kukunjika."

Mama aliificha mikono yake ndani ya shuka alilojitanda.

"Sasa tufanyeje?" Efrazia aliuliza.

"Apumzike, mguu ukae juu ya mto. Goti alikunje kiasi kisichomuumiza. Maji ya mtungi wenu ni baridi ya kutosha. Chovya kitambaa, weka pajani, kikipata joto badilisha. Fanya hivyo kama robo saa, kisha acha ngozi ipumzike, halafu rudia baadaye. Bandeji ifungwe, lakini isibane sana. Nani ana mkono mwepesi hapa?"

Mama aliitoa mikono. "Niambie tena, taratibu."

Tangu siku hiyo Tluway alipata askari. Jioni moja alinyata kuelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" mama aliuliza.

"Kutazama mazoezi tu."

"Na viatu vya mpira mkononi? Rudi!"

Maumivu yalipopungua, Halfani alimfundisha kukunja goti kidogo kidogo. Likianza kuuma, aache. "Kisigino kifike nyuma kama cha mguu mzima," alisema. "Ukitembea, ukikimbia na ukipiga mpira bila maumivu, ndipo urudi uwanjani. Usijidanganye, jeraha likirudi huwa baya zaidi."

Tluway alilalamika, akahesabu mabati ya paa, akagombana na kuku. Lakini alikunja goti kila siku.

Siku ya kwanza ya mavuno, msimamizi alisimama kando ya mashine. "Panda tuone."

Tluway alipanda. Alikanyaga klachi mpaka chini, akaiachia taratibu. Mashine ikaondoka, ikaingia kwenye ngano.

Verediana alikuwa kando ya shamba na Efrazia. Alianza kulia waziwazi.

"Mama, mbona unalia? Amepona."

"Nilikuwa naogopa, mwanangu. Nilidhani nimemlemaza mtoto wangu kwa mikono hii. Sikumwambia mtu."

Efrazia aliishika mikono yote miwili. "Nani alikuwa anabadilisha kitambaa, mama? Nani alimrudisha ndani kila jioni?"

Mama alifuta machozi. Mashine ilipofika mwisho wa shamba na kugeuka, aliinua mkono mmoja juu, akampungia mwanawe.