Gari Lililokaa Kitako

Clement ni fundi cherehani mjini Bariadi. Suruali zake zinawakaa watu vizuri. Ana gari dogo jeupe la kubebea abiria na mizigo, na analipenda karibu kama mke wake. Mkewe, Felisita, anasema hiyo "karibu" ndiyo inayompa mashaka.

Mwezi huo Clement alikuwa na furaha. Kila giza lilipoingia akiwa barabarani, madereva waliotoka mbele walimwashia taa. Naye aliwapungia mkono.

"Unaona?" alimwambia Felisita. "Siku hizi Bariadi nzima inanisalimia."

"Wanakusalimia au wanakutukana?" Felisita aliuliza. "Taa zako zinamulika juu kama unatafuta popo. Gari limekaa kitako, baba Kija. Nyuma kumeshuka."

Clement alicheka tu. Lakini Jumapili hakucheka. Binti yao, Kija, alikuwa karibu kupata kipaimara. Alikuwa amemchagua bibi yake, Nyanjige, awe msimamizi wake siku hiyo. Clement alimpigia mama yake simu kule kijijini Kimali, akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Nitakuja kukuchukua na gari."

"Gari lile?" bibi aliuliza. "Hapana, mwanangu. Safari iliyopita kila shimo lilinipiga mgongo. Nilijikanda maji ya moto mpaka nikachoka. Nitamwombea Kija hapa hapa."

Kija alisikia yote. Alitoka nje. Bibi huyo ndiye aliyemlea na kumfundisha kusali. Clement aliumia sana moyoni.

Kesho yake asubuhi alikunja mikono ya shati. Aliliangalia gari pale uani, akaona upande wa kushoto umeshuka zaidi. "Tatizo liko huku," alisema. Alikata vipande vya tairi kuukuu ili avibane ndani ya springi ya kushoto. Akalinyanyua gari kwa jeki, akaweka matofali chini, akatoa jeki. Kisha akajilaza chini ya gari.

Jirani yao Harieth alikuwa anapita kwenda kazini. Ni mwenyeji wa Bukoba, aliyehamishiwa Bariadi kufundisha ufundi wa magari chuoni. Aliona miguu ya Clement imechomoza.

"Baba Kija! Toka huko! Toka sasa hivi!"

Clement alijiburuta nje akijipangusa vumbi. "Mwangaluka, mwalimu. Kuna nini?"

Harieth hakuitikia salamu. Alilisukuma gari kwa mkono mmoja. Tofali likapasuka. Gari likashuka kwa kishindo, pale pale Clement alipokuwa amelala.

Felisita alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alilitazama gari, akamtazama mumewe, akaanza kulia.

"Tofali ni la kujengea nyumba," Harieth alisema kwa upole. "Gari linawekwa juu ya stendi za chuma, kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Ninazo stendi. Jioni njoo kwangu, na hayo matairi yaache."

Jioni Clement alilipeleka gari kwenye sakafu ya saruji mbele ya nyumba ya Harieth. Felisita naye alikuja. Walishusha vitu vyote vilivyokuwa ndani ya gari. Wakasawazisha upepo wa matairi.

"Una futi kamba?" Harieth aliuliza.

"Fundi cherehani akose futi kamba?"

"Basi pima. Anzia katikati ya gurudumu, panda wima mpaka ukingo wa bodi juu yake."

Clement alipima kushoto, akapima kulia. Vipimo vililingana. Akarudia, hakuamini.

"Mbona uani kushoto kulikuwa chini?"

"Uani kwako kuna mteremko. Mteja akisimama mguu mmoja juu ya jiwe, utamkatia suruali?"

"Suruali za watu anazipima mara mbili," Felisita alisema. "Gari lake alilikadiria kwa jicho!"

Mwalimu mmoja aliyefundisha na Harieth alikuwa na gari la aina ile ile, lenye springi nzima. Walilipima pia. Nyuma yake ilikuwa juu zaidi kwa sentimita nne.

"Springi zako zote mbili zimechoka," Harieth alisema.

"Nikiweka mpira?"

"Mpira utainua bodi, lakini springi itabaki dhaifu. Ukibana upande mmoja, gari litainama, na ukifunga breki kali linaweza kuyumba. Nunua springi mbili za aina ya gari lako, uzibadilishe pamoja. Usinunue ndefu kupita kiasi."

"Lakini zimechoshwa na nini?"

"Wewe niambie. Ukitoka Kimali huwa unabeba nini?"

Clement alijikuna kichwa. "Magunia ya mpunga. Michembe ya viazi vitamu. Kuku. Mbuzi, mara moja moja."

"Na mashangazi wawili juu yake," Felisita aliongeza.

Jumamosi kazi ilifanyika. Walizuia magurudumu ya mbele kwa kabari za mbao. Walilinyanyua gari nyuma, wakaiweka bodi juu ya stendi. Harieth alilitikisa kwanza. Halikusogea. Ndipo Clement akafungua bolti za chini za shokapu, wakaishusha ekseli polepole kwa jeki. Harieth alikuwa macho ili bomba la breki lisivutike. Springi za zamani zilitoka, mpya zikakaa vizuri mahali pake. Bolti walizikaza mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake.

Clement alizunguka mtaa mmoja, akarudi kupima. Kushoto sawa na kulia, na sawa na gari la yule mwalimu. Giza lilipoingia waliwasha taa mbele ya ukuta. Zilimulika chini, kama inavyotakiwa.

"Kumbe walikuwa wananitukana kweli," Clement alisema.

"Mwezi mzima," Felisita alimjibu.

Wiki iliyofuata Clement alikwenda Kimali. Bibi Nyanjige aliketi ndani ya gari, akajirusha kidogo kwenye kiti. Halikubonyea. "Haya," alisema, "pakieni."

Vijana wakaanza kuleta magunia ya mpunga. La kwanza, la pili, la tatu. Clement aliona wengine wanakuja na michembe. Hakuwa amewahi kumkatalia mama yake kitu.

"Mayu, haya magunia yabaki."

"Niende kwa mjukuu wangu mikono mitupu? Watu watasemaje?"

"Tukiyapakia, shimo la kwanza litakupiga mgongo tena. Mayu, Kija hakuniagiza mpunga. Ameniagiza wewe."

Bibi aliyatazama magunia yake. Kisha akafunga mkanda.

"Yarudisheni," aliwaambia vijana. "Mpunga utakuja na basi. Mpunga hauna mgongo."

Jumapili, askofu alipofika mbele ya Kija, bibi Nyanjige alikuwa amesimama nyuma ya mjukuu wake, wima kabisa, mkono wake begani mwa mtoto.