Barua ya Kuazima

Jumanne saa kumi jioni, fundi cherehani alikuwa na sketi kumi na nne za shule mezani na binti mmoja asiyetulia. Sketi ndizo zilikuwa kazi nyepesi.

Binti alikuwa kidato cha sita. Nyumbani walimwita Kiguu-na-njia, na kwa jina hilo hakuonewa. Akisoma, anatembea. Akila, anasimama. Akipiga pasi, mguu mmoja uko mlangoni. Mama yake alikuwa akisema alianza kumsumbua tangu tumboni, na mpaka leo hajapewa likizo.

"Mama, nina habari," alisema siku hiyo.

"Sema huku unapiga pasi. Mdomo haushiki pasi."

"Watu wa chuo kikuu wamekuja shuleni. Wanataka wanafunzi arobaini wa kidato cha sita kutoka shule zote za hapa. Tutakwenda chuoni kila Jumamosi, wiki kumi. Tutaingia kwenye masomo yao. Tutaonyeshwa maktaba. Tutafundishwa kuchagua kozi na kujaza fomu za maombi."

"Na ada yake?"

"Bure. Wanawatafuta hasa wale ambao wazazi wao hawakufika chuo kikuu."

"Hapo tumeshinda bila kupigana," mama alisema. "Mimi niliishia darasa la saba. Baba yako la sita, na hilo la sita alilisomea dirishani, akihesabu malori barabarani."

Baba alikuwa dereva wa lori. Wiki hiyo alikuwa safarini.

"Wanataka barua, Mama. Ukurasa mmoja. Niseme mimi ni nani, nataka kusoma nini, na kwa nini. Mwisho Ijumaa."

"Haya. Unataka kusoma nini?"

Kiguu-na-njia aliiacha pasi, akaanza kuizunguka meza. Swali hilo ndilo lililokuwa likimtembeza chumba kizima. Wenzake wote walikuwa na jibu. Huyu daktari, yule mwanasheria, yule rubani ingawa alitapika siku alipopanda bembea. Yeye hakuwa na jibu. Na aliwaona waliomtangulia shuleni. Walijaza fomu kwa kubahatisha. Waliomba kozi ambazo hata masomo yake hawakuyasoma. Wengi walibaki nyumbani wakishangaa. Kama angeikosa nafasi hii, angejaza fomu gizani kama wao.

Mama aliona uso wa binti yake, akaelekeza mkasi ukutani. Pale, kwenye misumari, zilining'inia sampuli zake za karatasi ya kaki: kola, mikono, mifuko, viuno.

"Mimi sikati kitambaa bila sampuli," alisema. "Wewe unaandikaje barua bila sampuli? Kaka yako aliandika, wakamchukua. Nenda kaiazime."

Kaka huyo alikuwa mtoto wa shangazi yake, nyumba ya tatu kutoka pale. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisomea ujenzi. Alitoa karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka imelegea kama leso.

"Usibadilishe sana," alimshauri. "Hii ilishafanya kazi."

Barua ilianza hivi: "Tangu utotoni nimevutiwa na madaraja. Nilipokuwa nikimsaidia baba yangu kuchanganya zege, moyo wangu uliwaka."

"Mama, baba hachanganyi zege," alisema Kiguu-na-njia aliporudi.

"Anapita juu ya madaraja kila siku. Hujaenda mbali sana na ukweli."

Binti aliinakili kwa mwandiko mzuri. Jumatano asubuhi aliipeleka. Alhamisi akaitwa.

Kwenye chumba kidogo kando ya ofisi ya walimu alimkuta mratibu wa mpango ule. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alikuwa na uso wa mtu aliyewahi kudanganywa na mabingwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Alikaa. Mguu ukaanza kutikisika.

Mratibu alipanga karatasi tatu mezani. Moja ilikuwa yake. Mbili zilikuwa za shule nyingine. Zote tatu zilianza na madaraja.

"Baba yako anafanya kazi gani?"

"Dereva wa lori."

"Na zege anachanganya saa ngapi? Akisimama kwenye taa?"

Kiguu-na-njia aliangalia sakafu. Sakafu haikumsaidia.

"Mwanangu, barua hii naijua," mratibu alisema. "Mwaka jana niliipokea mara saba. Moyo wa mtu huyu umewaka sana, nashangaa haujabaki majivu."

"Nisamehe, mwalimu. Nilifikiri kuna namna yake ya kuandika."

"Wengi wanafikiri hivyo. Sasa nisikilize. Huko chuoni, ukichukua maandishi ya mwenzako ukayaita yako, huo ni wizi. Unaweza kufutiwa mtihani. Unaweza kufukuzwa. Ni afadhali ulijue hapa, ambapo nakucheka tu."

"Sasa nimekosa nafasi?"

"Hujakosa. Mwisho ni kesho saa sita mchana. Lakini uelewe barua ni ya nini. Sitafuti Kiswahili cha kupambwa. Nataka kukujua, ili nikuweke na mhadhiri na mwanachuo watakaokufaa. Huyu wa madaraja nikimpeleka kwa watu wa ujenzi, nani atafaidika?"

"Lakini mwalimu, mimi sijui nataka kusoma nini."

"Basi andika hivyo. Mtu anayejua kila kitu nimfundishe nini mimi? Jiulize mambo matatu. Masomo gani unayaweza? Kazi gani unaifanya bila kutumwa? Na kitu gani cha chuo kinakutia hofu? Nijibu kwa ukweli. Basi, nenda."

Kiguu-na-njia hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake, kwa hatua za mtu anayedai haki.

"Kaka, barua yako wameipeleka watu saba."

Kaka alijikuna shingo. "Saba tu?"

"Baba yako ni kinyozi. Hili zege alilichanganya nani?"

Kaka alitazama mlangoni, kisha akashusha sauti. "Sijui. Na mimi niliinakili."

"Na madaraja?"

"Madaraja nayaogopa, mdogo wangu. Walitupeleka kwenye daraja moja kwa mafunzo, nikashikilia nguzo mpaka mhadhiri akaja kunibandua. Nimerudia masomo mawili. Sasa naomba kuhamia kozi nyingine, na kuhama si mchezo."

Binti alitaka kucheka. Kicheko kikakwama. Alijiona miaka miwili mbele, ameshikilia nguzo.

Alipofika nyumbani, mama alikuwa akipima urefu wa pindo. Binti alimweleza yote kwa pumzi moja. Mama alikunja uso.

"Miaka ishirini nashona kwa sampuli," alisema. "Hakuna mteja aliyerudisha nguo."

"Kwa sababu mteja unampima, Mama. Mimi hukunipima."

Mama aliliweka pindo mezani. Pini alizokuwa amezibana kwa midomo alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake. Kisha akavuta stuli.

"Keti hapo. Na huo mguu, uuache mlangoni ukipenda." Akamtazama kama anavyomtazama mteja mgeni. "Mteja akija namuuliza: nguo hii utaivaa wapi? Utakaa au utatembea? Wapi panakubana? Wewe huyo mwalimu wako anauliza nini?"

"Anauliza kazi gani naifanya bila kutumwa."

"Kufagia siyo."

"Mama."

"Nasema ninachokiona. Kufagia siyo, kupika siyo. Lakini nikitandika kitambaa mezani, hujaambiwa kitu, ushafika. Unaanza kuzisogeza sampuli zangu. Hii igeuze hivi, hii iingie hapa. Juzi ulinitolea sketi ya kumi na tano kwenye kitambaa cha sketi kumi na nne. Nilinyamaza tu ili usivimbe kichwa."

Kiguu-na-njia alimtazama mama yake. "Hiyo ni kazi?"

"Mimi nitajuaje? Waulize wao. Si wasomi?"

Jioni ile binti aliandika kwa kusimama, karatasi juu ya meza ya kukatia. Aliandika kwamba mama yake ni fundi na baba yake ni dereva. Kwamba anaweza hisabati na fizikia, na kemia inamchenga. Kwamba hupenda kupanga vipande vya nguo juu ya kitambaa ili kisipotee bure, na hajui jambo hilo linaitwaje chuoni, wala kama linaitwa chochote. Kwamba anaogopa kukaa saa mbili kwenye kiti kimoja. Kisha akaongeza: "Barua ya kwanza haikuwa yangu. Hii ni yangu."

Ijumaa saa tano aliifikisha. Kutoka hapo hadi Jumatatu alitembea chumba chote mpaka mama akamwambia saruji ya sakafu hainunuliwi kila mwaka. Jumatatu jina lake lilikuwa kwenye orodha. La thelathini na nane, lakini lilikuwamo.

Jumamosi zikaanza. Mwanachuo mmoja wa mwaka wa tatu aliwaonyesha jinsi ya kusikiliza mhadhara. Usiandike kila neno, alisema, andika hoja, na usipoelewa weka alama ili uulize. Saa mbili za kukaa zilimtesa Kiguu-na-njia. Alikaa kiti cha mwisho na akaruhusiwa kusimama nyuma. Akagundua pia kwamba kuna kozi ambazo nusu ya wiki watu wako kwenye karakana, wamesimama.

Mratibu aliwaeleza kuhusu fomu. "Usijaze kozi moja ukakaa kuomba dua," alisema. "Jaza nafasi zote. Kwanza soma masharti. Kama kozi inataka kemia na wewe kemia inakuchenga, usijitie hasara. Na mwulize mtu anayefanya kazi hiyo: kutwa nzima hufanya nini?"

Wiki ya nne, mhadhiri wa uhandisi wa viwanda alimjibu swali lake. Ndiyo, jambo lile la kupanga vipande lilikuwa na jina: mpangilio wa ukataji. Viwanda vya nguo, vya viatu na vya bati vyote vilihangaika nalo. Watu walilisomea. Kiguu-na-njia alirudi nyumbani karibu mbio.

Jumamosi ya mwisho waliitwa wazazi. Mama alifunga kibanda chake cha kushonea mchana, jambo ambalo hata mafua hayakuwahi kulisababisha. Aliingia ukumbini, akakagua mshono wa viti, akasikitika, akaketi.

Mhadhiri alionyesha picha ukutani. Vipande vya gauni vilikuwa vimepangwa na kompyuta, vimebanana, hakuna upenyo. Wazazi wakaguna kwa kupendezwa. Mama akanyoosha mkono. Binti alitamani kiti kimmeze.

"Samahani, mwanangu," mama alimwambia mhadhiri, ambaye alikuwa na mvi. "Hicho kipande cha mgongo mmekigeuza kichwa chini. Kitambaa kikiwa cha maua, maua yatamwotea mvaaji kuelekea miguuni. Na huo mkono mmeulaza kinyume na uzi wa kitambaa. Akiuvaa mara tatu, unavutika."

Wazazi waligeuka kumtazama. Mhadhiri aliisogelea picha. Kisha akachukua chaki.

"Rudia hapo kwenye uzi, mama," alisema. "Taratibu, niandike."

Mama alisimama akarudia. Alieleza kwa mikono, kama anavyowaeleza wanafunzi wake wa kushona, na wanachuo watatu mbele waliandika kila alichosema. Kiguu-na-njia hakutikisa hata kidole. Alisahau kwamba amekaa.

Maombi ya chuo aliyajaza matokeo ya mtihani wake yalipotoka, nafasi zote nne, baada ya kusoma masharti ya kila moja. Majibu ya maombi yalipokuja, uhandisi wa viwanda, chaguo lake la kwanza, hakuupata. Alipata la pili, teknolojia ya nguo. Kama angejaza moja tu, angebaki nyumbani.

Mama hakuiamini orodha ya kwenye simu. Alikwenda mwenyewe hadi kwenye ubao wa matangazo chuoni, akashuka na kidole jina kwa jina mpaka akalifikia. Akalisoma mara mbili.

"Huko karakana mtasimama?" aliuliza.

"Siku tatu kwa wiki, Mama."

"Vizuri," alisema mama, kidole bado kiko kwenye jina. "Twende ukapimwe. Huko chuoni huendi na sketi ya shule."